Je, Wajua? Gari Bado Linadhani Liko Yokohama

Gari limetoka bandarini, ushuru umelipwa, namba za hapa zimefungwa. Unawasha. Skrini ya katikati inaamka na mistari ya Kijapani, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa upole mno, kisha inatokea ramani ya mji fulani na mshale katikati yake: uko hapa. Hupo hapo, na mji huo hujawahi kuukanyaga.

Wengi wetu huishia kuizima skrini na kutoa simu mfukoni. Lakini kabla hujamwita fundi aing'oe, sikiliza kwanza mambo yake. Mengine yatakuokolea pesa, mengine ni ya kuchangamsha barza tu.

Satelaiti haijui barabara hata moja

Watu husema "satelaiti imenipoteza". Wanaisingizia. Satelaiti za GPS, ambazo ni thelathini hivi, huzunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kila moja humaliza mzunguko kwa karibu saa 12. Kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa ngapi. Haina ramani, haikuoni, wala haina habari kama upo duniani. Antena ya gari hupokea matangazo ya satelaiti nne au zaidi, hulinganisha muda yaliotumia kufika, na hapo gari hujua lilipo.

Barabara, mizunguko, vituo vya mafuta na majina ya mitaa, vyote vimo ndani ya gari lenyewe, kwenye diski au kadi. Ndiyo maana mawimbi yanayofika Yokohama hufika na Mbeya bure, na gari likabaki limepotea vilevile. Masikio linayo, ila halina kumbukumbu ya huku.

Basi mtu akikwambia anataka "kuapdeti navi", yaani mfumo huu wa kuonyesha njia, muulize anataka kipi katika vitatu: ramani, programu inayoiendesha, au habari za foleni. Kila kimoja kina njia yake ya kuhuishwa, na kila kimoja hufa kifo chake.

Saa za angani hukimbia

Einstein alishaeleza kwamba muda hauendi sawa kila mahali. Kwenye kimo cha satelaiti hizo, saa hutangulia ya ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo maelfu ya mara. Hata hivyo, kama wahandisi wasingeusahihisha mwendo huo, kosa la mahali lingeongezeka kwa takriban kilomita 10 kwa siku. Ungeliegesha gari Posta, Dar es Salaam, jioni, asubuhi navi ingekwambia umeamkia Ubungo.

Navi ya kwanza haikutazama angani

Mwaka 1981 Honda walitoa nchini Japani kifaa kilichoitwa Electro Gyrocator, kikafungwa kwenye Accord. Hakikutumia satelaiti. Ndani yake gesi ya heliamu ilipulizwa juu ya nyaya mbili nyembamba zenye moto. Gari likikata kona, gesi ilipinda, waya mmoja ukapoa kuliko mwenzake, na kifaa kikajua kona imekatwa kwa kiasi gani. Ramani ilikuwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Dereva aliichomeka mbele ya kioo, kidoa cha mwanga kikawa kinatembea nyuma yake. Ukimaliza karatasi moja, unachomeka nyingine. Kuhuisha ramani enzi hizo ilikuwa kununua karatasi mpya.

Kaseti, na hekima ya mabaharia

Mwaka 1985 huko California ilitoka navi iliyoitwa Etak. Ramani zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, na jiji kubwa kama Los Angeles halikuenea kaseti moja. Jina Etak halikutoka kwa wahandisi. Ni neno la mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, walioongoza mitumbwi yao kwa kuhesabu kwamba chombo kimetulia na visiwa ndivyo vinavyosogea kukipita.

Na Etak ilifanya hivyo hasa: gari lilikaa palepale kwenye skrini, ramani ikazunguka na kusogea chini yake. Tazama simu yako ukiwa safarini leo. Mshale hauendi popote. Dunia ndiyo inayokujia. Ni fikra ya baharia wa mtumbwi, imehamia kwenye dashibodi.

Satelaiti ziliingia ndani ya gari baadaye kidogo. Mwaka 1990 Mazda Eunos Cosmo liliuzwa Japani likiwa na navi ya GPS iliyofungwa kiwandani, na mwaka huohuo Pioneer wakatoa navi ya GPS ya kununua na kujifungia.

Malindi ilitoa rubani, na bado inatoa

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut. Leo Malindi kuna kituo kinachosikiliza satelaiti za GPS usiku na mchana, kikiwa sehemu ya mtandao wa kimataifa wa vituo vya namna hiyo. Mbarara, Uganda, kuna kingine. Kwa vipimo vya vituo hivi na wenzao duniani, wataalamu hukokotoa njia hasa inayopitwa na kila satelaiti.

Siku navi zote zilipopona kwa pamoja

Katika miaka ya 1990 Marekani iliyatia kosa la makusudi mawimbi ya GPS ya watu wa kawaida, ili adui asiyatumie vizuri. Kipimo kiliweza kukosea hadi mita 100 hivi; gari linapita Barabara ya Ocean, skrini inakuonyesha ukiogelea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, kosa hilo likaondolewa. Navi zilizokwisha kuuzwa miaka mingi nyuma ziliamka zikiona vizuri, pasipo fundi kugusa hata waya. Kuboreshwa bure kwa namna hiyo, tena kwa dunia nzima kwa wakati mmoja, ni jambo adimu katika biashara ya magari.

Gari huhesabu hatua zake

Navi iliyofungwa kiwandani ina jambo moja ambalo simu yako haina: imeunganishwa na mwendo wa gari. Kwa kiwango cha Japani, waya wa spidi huzungushwa mara 637 kwa kila kilomita, na mfumo wa kawaida hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Navi hujumlisha mapigo hayo na kipimo cha kona, ikaendelea kujua ilipo hata ndani ya handaki au kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, ambako satelaiti hazisikiki.

Sasa wewe umebadilisha matairi ukaweka makubwa zaidi ili gari lisikwaruze tumbo kwenye mashimo. Mapigo yanabaki yaleyale, ila kila pigo limekuwa hatua ndefu zaidi. Navi itapunjika kwa muda, mpaka ijisahihishe kwa kujilinganisha na satelaiti. Vitabu vya mwongozo vya Toyota huonya juu ya hili, na huonya pia kuhusu kivuko: magurudumu yanasema tumesimama, satelaiti zinasema tunakwenda. Ukivuka Magogoni kwenda Kigamboni, au Likoni kule Mombasa, na mshale ukayumba kidogo baada ya kushuka, usiilaumu navi. Imesikia mashahidi wawili wanaopingana.

Kwa nini tarehe hurudi nyuma miaka ishirini

Mawimbi ya zamani ya GPS hayataji mwaka. Hutaja namba ya wiki, kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na nafasi iliyotengwa hutosha wiki 1,024 tu. Zikitimia, hesabu huanza tena kwenye sifuri, kama kihesabu cha safari kinavyotoka 999 kikarudi 000. Miaka 19 na miezi saba hivi ndiyo duru yake. Duru ya kwanza ilikwisha Agosti 1999, ya pili tarehe 6 Aprili 2019, na ya tatu itakwisha Novemba 2038.

Watengenezaji huandika programu ya kubahatisha ni duru ipi tuliyomo, na ubahatishaji huo nao una mwisho. Januari 2022 wenye magari mengi ya Honda na Acura yaliyotoka kati ya mwaka 2004 na 2012 waliwasha wakakuta kalenda imerudi mwaka 2002. Saa nzima, satelaiti nzima. Hesabu ya ndani ndiyo iliyojikwaa. Kwa hiyo gari lako la zamani likionyesha mwaka wa ajabu huku mshale ukiwa mahali pake, usikimbilie kubadilisha antena. Tatizo liko kwenye programu.

Nchi iliyohama mita 450

Tarehe 1 Aprili 2002 Japani ilibadilisha rasmi msingi wa vipimo vya ramani zake ili ulingane na ule wa satelaiti. Kwenye jiji la Tokyo, namba za mahali palepale zilihama kwa mita 450 hivi. Hakuna nyumba iliyosogea. Kanuni ya kupimia ndiyo iliyosogezwa.

Tusiwacheke. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Ukichukua namba za GPS leo ukazitia kwenye ramani hizo bila kuzigeuza, utakosea kwa takriban mita 300. Ni umbali wa kutosha kukuhamisha kutoka shambani kwako hadi shambani kwa jirani, na kesi za namna hiyo tunazijua zinavyokwisha.

Ramani huzeeka ikiwa kabatini

Data za ramani za navi nyingi za Kijapani hutoka kampuni ya Zenrin, iliyoanzia mji wa Beppu mwaka 1948. Jina lake lina maana ya ujirani mwema, nalo linaifaa: ilipata sifa kwa ramani zinazoonyesha nyumba moja moja na jina la mkaaji, zilizokusanywa na watu wanaotembea kwa miguu mtaa kwa mtaa.

Sasa fikiria ramani ya Afrika Mashariki iliyotengenezwa mwaka 2014. Daraja la Nyerere la Kigamboni halimo, maana lilifunguliwa 2016. Daraja jipya la Mto Nile mjini Jinja, la 2018, halimo. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway yenye kilomita 27 haina habari nayo, kwani ilianza kupitika 2022, mwaka uleule wa Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam. Na ukitoka Mwanza kwenda Sengerema, itakupeleka Kigongo ukasubiri kivuko, ilhali tangu Juni 2025 pana daraja la kilomita 3 juu ya ziwa.

Hapa tuseme kweli: kwa deki nyingi za navi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ramani ya Afrika Mashariki ya kutia ndani haikuwahi kutolewa na kiwanda. Diski mpya ya mwaka huu itakupa barabara mpya za Osaka. Gari lililotoka Ulaya lina ramani ya Ulaya. Lililouzwa kwanza Afrika Kusini au Ghuba huweza kuwa na bahati ya kupata ramani ya kanda. Anayekuuzia "apdeti" aulizwe swali moja kabla ya pesa kutoka: nchi gani zimo?

Kadi ya SD: usiichomoe kuwekea nyimbo

Kwenye baadhi ya deki za Kijapani, kadi ya SD haibebi ramani peke yake. Hubeba pia programu ya kuiamsha deki. Dereva akiichomoa ili aweke Bongo Fleva, akaifuta, skrini hubaki ikiomba kadi yake kama mtoto anayedai nepi: hakuna redio, hakuna chochote. Kukopi faili kwenye kadi nyingine mara nyingi hakusaidii, kwa sababu mifumo mingi hukagua namba iliyoandikwa ndani ya kadi kiwandani, na namba hiyo haihami kwa kukopi.

Betri nayo ina mtego wake. Baadhi ya deki za Toyota zikikatiwa umeme huonyesha herufi ERC na namba ndefu, zikisubiri namba ya siri. Kinga hiyo ilikusudiwa kumkomesha mwizi. Huku imegeuka riziki ya mafundi redio, maana mwenye gari hakuwahi kukabidhiwa hiyo namba. Fundi mwangalifu, kabla hajachomoa betri, huunganisha betri ya pili ili deki isilale hata dakika moja.

Na kama umeamua kuing'oa kabisa na kuweka redio ya Android, angalia kwanza skrini hiyo inafanya kazi gani nyingine. Kwenye magari fulani ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma, ulaji wa mafuta, hata mipangilio ya kiyoyozi. Redio nyingi za Android, zaidi ya hayo, hazihesabu mapigo ya magurudumu; ukiingia chini ya jengo, nazo hupotea kama simu.

Urithi wa mwenye gari wa kwanza

Navi zenye diski ngumu, zilizoingia sokoni Japani kuanzia mwaka 2001, zilikuwa na tabia ya kukopi nyimbo. Unacheza CD mara moja, deki inaihifadhi. Ndiyo sababu watu wengi Nairobi na Dar es Salaam wamejikuta wakirithi, pamoja na gari, mamia ya nyimbo za Kijapani ambazo hawakuziomba, na baadhi yao sasa wanaziimba.

Lakini tabia hiyo ina upande wake mbaya. Mfumo huohuo huweza kuwa umehifadhi anwani ya nyumbani, namba za simu na safari za aliyetangulia. Siku ukiuza gari lako, kumbuka kwamba na wewe umekuwa wa kutangulia. Futa.

Habari za foleni zilizokuja kwa redio

Tangu Aprili 1996 Japani ina huduma iitwayo VICS, inayotangaza foleni, ajali na barabara zilizofungwa moja kwa moja kwenye navi. Habari hizo husafiri zikiwa zimefichwa ndani ya matangazo ya FM, na pia kupitia vifaa vilivyofungwa kando ya barabara. Hazina ada ya mwezi. Lakini hata kwao zimeanza kuzeeka: vifaa vya barabara kuu vilivyotumia masafa ya gigahezi 2.4 vilizimwa mwishoni mwa Machi 2022, na navi zilizotegemea masafa hayo tu hazikuambiwa lolote. Zinaendelea kutega sikio.

FM yenyewe ndiyo iliyotuletea taabu nyingine. Redio za zamani za Kijapani huanzia 76 na kuishia 90, ilhali zetu huanzia 87.5 hadi 108. Kile kidude cha bendi ekspanda anachofunga fundi hushusha masafa kwa kiasi kisichobadilika. Kikishusha kwa 14, stesheni ya 98.0 utaikuta kwenye 84.0. Kuitafuta stesheni ni kutoa tu.

Foleni ya Wajerumani huandikwa kwa namba

Ulaya nayo ilichagua njia yake, iitwayo TMC, ambayo Ujerumani iliianza mwaka 1997. Nafasi iliyopatikana ndani ya wimbi la FM ilikuwa finyu mno, basi wakaondoa maneno kabisa. Kila ujumbe una biti 37 tu. Ndani ya SMS moja ya herufi 160 ungepanga jumbe kama hizo 30. Ndani ya kila ujumbe mna namba ya tukio na namba ya mahali. Tukio namba 101, kwa mfano, ni magari yamesimama kabisa. Maana ya namba hizo imo kwenye orodha ndani ya gari.

Faida yake: Mwitaliano akiendesha Ujerumani husoma habari kwa Kiitaliano, maana kilichorushwa hakina lugha. Hasara yake: orodha ya mahali ndani ya gari ikiwa ya zamani, ujumbe wa leo asubuhi kuhusu makutano yaliyojengwa mwaka jana hufika na kukosa pa kukaa. Kwa hiyo mwenye gari la zamani Ulaya anayelalamika kwamba foleni hazionekani huenda hana tatizo la antena. Ramani yake imezeeka, na habari za foleni zimeanguka nayo.

Mtandao nao hufa

Magari yaliyofuata yaliletewa habari kwa laini ya simu iliyofichwa ndani. Mwezi Februari 2022 kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G nchini Marekani, na magari mengi yaliyokuwa na modemu za 3G yakapoteza huduma zake kwa siku moja. Gari halikuharibika. Aliyekuwa akizungumza nalo ndiye aliyenyamaza.

Yule mwanamke anadai kadi

Sauti inayozungumza kila ukiwasha gari la Kijapani mara nyingi haihusiani na navi. Ni kifaa cha kulipia barabara kiitwacho ETC, na inachosema ni kwamba kadi haijachomekwa. Japani kadi hiyo hufungua geti bila gari kusimama. Huku hakuna geti linalomsubiri, lakini yeye ameajiriwa kukumbusha, basi anakumbusha. Fundi wa umeme wa magari humnyamazisha kwa kuchomoa waya mmoja.

Simu 99 kwenye mkokoteni

Foleni unayoiona leo kwenye simu haitoki redioni. Inatokana na simu za madereva wenzako, zinazotuma zilipo na kasi yake. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alikokota mkokoteni wenye simu 99 mitaani Berlin. Barabara ilikuwa nyeupe, lakini Google Maps ikaipaka rangi nyekundu. Mfumo ulihesabu simu, ukadhani ni magari yanayotambaa.

Kwa Remmy ni wapi?

Mitaa mingi ya Japani haina majina. Kwa hiyo navi zao zilifundishwa kutafuta mahali kwa namba ya simu ya mezani: unaandika namba ya mkahawa, njia inachorwa. Na sisi tuna yetu. Dar es Salaam mtu haelekezwi mtaa na namba, huelekezwa Mbagala Rangi Tatu, Magomeni Mapipa, Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akawa wa Dar, alifariki mwaka 2010. Kituo bado ni chake.

Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikabandikwa majina na nyumba namba. Kabla ya hapo, tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wananchi kuchora kata za Dar es Salaam zinazofurika, njia kwa njia, mfereji kwa mfereji, na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Redio ya Android yenye programu inayotumia ramani hiyo hufanya kazi hata pasipo bando. Ukipitishwa kwenye kichochoro sahihi cha Tandale, huenda kilipimwa na kijana aliyekipita kwa miguu.

Mfumo usiohitaji kuhuishwa

Ukikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, la pili, la tatu, punguza mwendo: mbele kuna lori lililoharibika. Taa za gari linalokuja zikikukonyeza mchana, mbele kuna trafiki na tochi yake. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, linakwambia pita. Ya kulia, subiri. Habari hizo ni za sasa hivi, hazina lugha, kama zile namba za Wajerumani, na orodha ya maana zake imo kichwani mwa dereva.

Kitu kimoja ambacho si cha kurekebisha

Tokyo imetangulia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa sita. Na Mswahili huhesabu saa zake kuanzia kuchwa na kucha, tofauti ya sita vilevile na saa ya mkononi. Fanya hesabu. Saa tatu asubuhi ya Dar, Tokyo ni alasiri, nao huandika 3:00. Saa moja jioni ya Nairobi, Tokyo ni usiku wa manane, 1:00. Navi ya Kijapani inayojirekebisha kwa satelaiti, ikiwa imepangwa kwa mtindo wa saa 12, husoma saa ya Kiswahili barabara, dakika kwa dakika. Ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Lubumbashi itazidi kwa saa moja, lakini huku haikosei.

Ramani yake ni ya kwao, nyimbo za kwao, kadi inayodaiwa ni ya kwao. Saa tu ndiyo iliyoshuka melini ikiwa tayari ya kwetu. Fundi akitaka kuirekebisha, mwambie aiache.